Mabingwa Wanane, Wanagenzi Wanane

Barua ya Chuo cha Michezo ilifika Jumanne asubuhi, mjukuu wangu akiwa uani anafua soksi zake za mpira. Hakukausha mikono. Aliichana pembeni, akaisoma amesimama, akairudia, kisha akanijia kizingitini nilipokuwa nachambua mchele. Nikamwambia anisomee, miwani iko ndani. Akasoma kama anayesoma maelezo ya dawa kwenye chupa. Wepesi: vizuri sana. Kudaka: bora kuliko wote. Kusoma mpigaji: nne kati ya kumi, kiwango cha mwanagenzi. Hakuchaguliwa.

Mwanagenzi, kwa asiyelizoea neno lenyewe, ni mtu anayeanza kujifunza kazi, bado anashika nyundo upande usio wake. Na huyu mtoto amekaa golini tangu ana miaka saba. Mtaani wanamwita Gundi, kwa sababu mpira ukifika mikononi mwake haubanduki. Mimi namwita mke mwenzangu, utani wetu wa bibi na mjukuu, na yeye hunijibu kwamba babu alimpenda yeye zaidi, mimi nilikuwa mpishi tu. Siku ile nilimwita mke mwenzangu mara mbili. Alirudi kwenye soksi zake.

Niseme mapema jambo lenyewe lilikuwa zito kiasi gani. Chuo kile huchukua kipa mmoja wa kike kwa mwaka, na hakichukui aliyetimiza miaka ishirini. Gundi alikuwa amebakiza miezi miwili. Hakukuwa na mwaka mwingine. Anayechukuliwa hulala palepale, hufundishwa asubuhi na jioni, na kutoka pale huenda timu kubwa. Asiyechukuliwa hubaki na timu ya mtaa mpaka magoti yachoke. Mama yake, binti yangu, anashona sare za shule, na aliposikia habari alisema tu kwamba cherehani ya pili imekaa bure. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyofariji watu, kwa kuwapa kazi.

Mimi nikauliza hicho kipimo cha kusoma mpigaji kinafanywaje. Gundi akaeleza huku anakunja ile barua ndogo ndogo. Unakaa kwenye kiti mbele ya pazia kubwa jeupe. Mpigaji wa penalti anaonekana anakuja mbio. Mguu ukigusa mpira tu, picha inakatwa, giza. Hapo ubonyeze: kulia au kushoto. Mara kumi. Ukipata saba una macho ya bingwa, chini ya hapo wewe ni mwanagenzi, hata kama umedaka dunia nzima.

"Wapigaji wenyewe ni akina nani?" nikamuuliza.

"Siwajui, Bibi. Wanaume wa jezi za njano, filamu ya zamani. Mmoja ana kipara, anakimbia kama bata."

Sinia la mchele likaniponyoka mapajani. Yule mwenye kipara namjua. Nimempelekea chai kwa mkono wangu.

Pale chuoni nilifanya usafi miaka kumi na minne, nikaacha goti liliponisaliti. Zamu yangu ilikuwa ghorofa ya pili, na chumba cha mwisho, baada ya choo cha wanaume, ndicho walichokiita maabara. Hakukuwa na chupa wala moto. Palikuwa na pazia jeupe, mashine ya kurusha picha, kiti kimoja na kibao chenye vitufe viwili. Mwenye chumba alikuwa kijana mwembamba aliyekuwa anamalizia masomo yake makubwa. Alitaka kujua kipa bingwa anaona nini ambacho mwanagenzi hakioni, wakati wote wawili wanamtazama mtu mmoja anayepiga mpira mmoja. Swali hilo nililipenda. Lilikuwa kama kitendawili kilichovaa suti. Watu wa ghorofa ya chini walimwita Daktari wa Macho kabla hajawa daktari wa kitu chochote, na siku moja bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho alipanda ngazi zote zile akishika ukuta, akaomba apimwe miwani. Kijana alimkalisha, akampa maji, akamsindikiza mpaka kituo cha basi. Alikuwa na utu. Nataka hilo lijulikane.

Mimi aliniita Mama Chai. Chai yake ilikuwa ya maziwa ya unga na vijiko vitatu vya sukari, nzito kama uji. Mlangoni palikuwa na tangazo: hairuhusiwi kuingia na kinywaji. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ananiagiza, na mwenye chumba akikuagiza, tangazo ni karatasi.

Wiki ya kwanza walikuja mabingwa wanane. Wote makipa, wote wa klabu moja, ile ya jezi za njano, kwa kuwa klabu hiyo ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye uwanja wa chuo na ilikuwa rahisi kuwapata. Na wapigaji waliorekodiwa kwenye filamu? Wa klabu hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo, nao siku ya kurekodiwa niliwapelekea chai uwanjani. Niliingia na kutoka na vikombe, nikawasikia gizani wanacheka. Huyu Kipara, kushoto, hata mama mkwe wake anajua. Huyu akivuta soksi anapeleka kulia, nilimwambia aache hiyo tabia. Wakibonyeza, wanapata nane, wanapata tisa. Kijana anaandika, uso unang'aa. Mimi nikasema moyoni, kumbe hivi ndivyo bingwa alivyo. Sikuona kasoro. Hata yeye hakuiona, na yeye ndiye aliyesoma.

Ijumaa jioni nikawa nakusanya vikombe. Mkono mmoja sinia, mkono mwingine kitambaa, goti likatetereka, kikombe kikalala juu ya kile kibao. Chai iliingia kitufe cha kulia yote, ikazama kama maji kwenye mchanga. Nikapangusa. Nikapuliza. Nikageuza kibao kichwa chini nikakitingisha kama mtu anayetafuta senti kwenye mkebe. Juu kikawa kisafi kabisa. Ndani Mungu ndiye aliyejua.

Ningemwambia kijana, asingenifanya kitu. Lakini msimamizi wa wafagizi alikuwa ameshaniandikia onyo moja kwa kuvunja kioo, na onyo la pili maana yake kuonyeshwa lango. Nyumbani nilikuwa na mume mgonjwa na binti aliyekuwa analea mtoto peke yake. Nikafunga mlango, nikanyamaza.

Jumatatu ilikuwa zamu ya wanagenzi. Walihitajika wanane ambao hawajawahi kukaa golini, na kijana alikuwa na haraka, karatasi zake zilitakiwa mwisho wa mwezi. Akatuokota kwenye korido. Mimi, wapishi wawili, karani wa masjala, mtunza bustani, dereva, fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji wa choo, na mlinzi wa geti tuliyemwita Mzee Kufuli. Fundi bomba alikaa na spana mkononi. Karani alikataa kuvaa miwani yake, kwa ajili ya urembo. Ndio sisi, sayansi ikatukalisha.

Kitufe cha kulia kilikuwa kimegandamana. Ukibonyeza kinazama, kinajifikiria, kisha kinaitika wakati picha imeshapita, na jibu lililochelewa lilihesabiwa kosa. Cha kushoto kilikuwa chepesi kama nafsi ya mtoto. Baada ya mara mbili tatu kila mtu akajikuta anapeleka kidole kushoto, kama unavyopita mlango usiolia. Mimi nilijua kwa nini. Nilikaa pale na siri yangu nikabonyeza kushoto na wenzangu. Nilipata tatu. Mzee Kufuli alipata tatu, akasema wangemuuliza nani ataruka ukuta wa chuo angepata kumi. Kwa jumla tukawa na nne kati ya kumi, na mabingwa nane kati ya kumi, na kijana akasimama mbele ya ubao anatazama namba hizo mbili kama bwana harusi.

Miaka tisa ikapita. Kijana akawa Daktari kweli. Kutokana na namba zile kikazaliwa kipimo, kikanunuliwa na vyuo, tukasikia kumi na kimoja, na kibao kipya kikatengenezwa kizuri kisichoganda. Filamu ikabaki ileile. Mstari wa saba ukabaki uleule, kati ya nane ya wale waliokuwa wanawatazama wenzao wa chumba cha kubadilishia nguo na nne yetu sisi wa kitufe kimoja. Mimi nikajiambia chai ni chai, nani amekufa.

Sasa Gundi. Wiki ya kwanza baada ya barua alifanya mazoezi mara mbili ya kawaida. Mtu wa mazoezini alimpa ukurasa ulionakiliwa kutoka kwenye ripoti ya Daktari, nao ulisema mabingwa hutazama nyonga za mpigaji, wanagenzi hutazama mpira. Akaubandika juu ya kitanda chake. Alikuwa hajui anatazama nini siku zote, alikuwa anadaka tu, kama mimi nisivyojua ninaweka chumvi kiasi gani. Sasa akaanza kutazama nyonga.

Kocha wa timu ya mtaa ni fundi baiskeli, wanamwita Spoki, mtu wa maneno machache na mikono ya grisi. Alinipitia nyumbani siku ya nne. Akaniambia mama, mtoto anafika, lakini anafika kama mtu aliyesubiri ruhusa. Akaniuliza kama anaumwa. Nikamwambia haumwi.

Nikataka kumpima kwa njia yangu. Tangu mdogo tulikuwa na mchezo wa vitendawili, na ubishi wetu mkubwa ulikuwa kwamba hanipi nafasi ya kumaliza. Naanza, yeye ameshajibu, mimi nabaki na nusu ya kitendawili mdomoni kama mfupa. Nilikuwa namwambia atakuja kuolewa kabla hajaposwa. Basi Jumamosi, tunamenya viazi, nikasema kitendawili. Akasema tega, bila kuinua macho. Nikamtegea nilichokitunga usiku kwa ajili yake: nina mlango usio na nyumba, mgeni akiingia nusu ya watu wanaruka kwa furaha, nusu wanashika vichwa.

Kisu kikasimama. "Ngoja, Bibi. Umesema hauna nyumba?"

"Hauna."

"Na mgeni ni mtu?"

Nilimtazama kipa wangu, aliyekaa miaka kumi na miwili kwenye mlango huo, anatafuta jibu kwenye ganda la kiazi. Mwishoni akashindwa, nikamwambia anipe mji. Akanipa mji, nikauchukua, nikamwambia ni goli. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeelekezwa njia ya mahali asikokwenda.

Jumatatu nikavaa viatu vya kufungia kamba nikaenda chuoni.

Daktari sasa ana ofisi mbele, ina zulia, ina msichana wa kupokea wageni aliyeniuliza nimetoka taasisi gani. Nikamwambia ghorofa ya pili. Nilikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Alipotoka akanitambua kabla sijasimama, akasema Mama Chai, akanishika mikono yote miwili. Amenenepa, nywele zimerudi nyuma. Aliagiza chai. Nikasema leo sinywi.

Nikamweleza lote. Kikombe, kitufe, onyo la msimamizi, kidole changu kushoto. Nikamwambia na makipa walivyokuwa wanacheka gizani kwa sababu wanawajua wapigaji. Nikamwambia mjukuu wangu ni nani na amepata ngapi. Nilisema nimekuja kubeba kosa langu ili mtoto asilibebe. Nilikuwa nimejiandaa afoke. Nilitamani afoke.

Aliinuka akafunga mlango. Akakaa si kwenye kiti chake kikubwa bali kwenye kile cha mgeni, kando yangu.

"Mama, ingekuwa ni chai peke yake ningeshukuru," akasema.

Akanieleza taratibu, kama zamani alivyomweleza yule bibi wa miwani. Kwamba watu wanane kwa wanane ni wachache mno, ukibadilisha wawili tu namba zote zinahama. Kwamba alichagua mabingwa kwa kuhesabu miaka waliyocheza, na mtu anaweza kucheza vibaya miaka ishirini. Kwamba jambo la kujuana na wapigaji aliligundua baadaye, mwenyewe, akiwa anaoga. Kwamba mwaka wa tatu mwanafunzi mmoja wa chuo cha mbali alirudia jaribio lile kwa makipa arobaini wa klabu mbalimbali na wapigaji wasiojulikana, na tofauti kati ya mabingwa na wanagenzi ikawa nyembamba kama uzi. Mwanafunzi alimwandikia. Barua iko kwenye saraka ya meza yake. Yeye mwenyewe akarudia kimyakimya, akapata kama mwanafunzi. Akapeleka kwenye majarida ya kitaalamu, wakamjibu kwamba hapo hakuna habari. Ukiona kitu wanachapa, usipoona wanakushukuru kwa juhudi.

Nikamuuliza kama ni hivyo, wanaopita kipimo wanapitaje.

"Wengi ni wa timu ya vijana ya hapa hapa. Filamu wameshaiona. Akipita tunamfundisha miaka minne, anakuwa bingwa, na watu wanasema mmeona, kipimo kilimtambua mapema."

"Basi kiondoe."

"Nikiwaambia nini wale tuliowakataa miaka sita?"

"Kwamba ulikosea, mwanangu. Mimi niliishia darasa la saba na nimekuja kwa miguu kukwambia nimekosea. Ni neno moja."

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kwa sababu nilimwonea huruma. Akasema kipimo si chake tena, kina kamati, kina mikataba na vyuo kumi na kimoja, na kamati ilishamwambia mwaka juzi kwamba kipimo chenye kasoro ni afadhali kuliko makocha wanaochagua watoto wa shemeji zao. Hata hilo lina ukweli, akasema. Kwa Gundi angeweza kuomba kitu kimoja tu: apimwe tena. Kwa kipimo kilekile. Na majina yalishatumwa wizarani, kwa hiyo hata akipata kumi itabaki kwenye faili.

Nilipoinuka alitaka kunipigia gari. Nikakataa. Msichana wa mapokezi akaniuliza kama nimehudumiwa.

Nikabakiwa na kazi moja, ya kumwambia mtoto. Nilijua nafasi ya chuo imekwenda. Nilichotaka ni arudishiwe macho yake. Jioni ile nikamkuta amekaa kitandani chini ya ule ukurasa wake, anafunga plasta vidole. Nikakaa naye nikamwambia yote tena, na nililosikia kwa Daktari, na barua iliyo kwenye saraka. Sikujipamba. Nilimwambia mstari uliokukata niliuchora mimi, kwa kikombe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishika goti lile baya, akalisugua kama anavyofanya siku za baridi.

"Pole, Bibi. Umekaa na hiyo miaka yote."

"Umenielewa lakini? Hujashindwa wewe. Kipimo ndicho hakipimi."

"Nimekuelewa. Ila chai iliharibu kitufe cha watu wale. Kitufe changu mimi kilikuwa kizima. Nilibonyeza kulia, mpira ukaenda kushoto. Mara sita."

Nikamwambia mtu yeyote asiyewajua wale wanaume angepata hivyo hivyo. Akasema bingwa wa kweli humsoma hata asiyemjua, ndiyo maana ya ubingwa. Nikamwambia Daktari mwenyewe amekiri. Akaniuliza kama Daktari amekiri kwa maandishi. Nikasema hapana. Akaniegemea begani, akaniambia kwamba nampenda, na mtu anayekupenda ndiye wa mwisho kuulizwa. Hakusema kwa ukali. Ungekuwa ukali, ningepata pa kuushika.

Mama yake aliingia na utepe wa kupimia shingoni, akatutazama, akauliza kama viazi vimeiva.

Mechi ya kombe la mitaa ilikuwa Jumapili saa kumi. Sikuzoea kwenda, goti halipendi ngazi za uwanja, lakini siku hiyo Spoki aliniwekea kiti cha plastiki kando ya benchi la wachezaji wa akiba. Gundi alidaka vizuri kipindi cha kwanza, mipira ya mbali, mipira ya juu, ile isiyompa mtu muda wa kujiuliza. Dakika ya sabini ikaja penalti. Nikamwona anasimama wima katikati ya goli, macho kwenye kiuno cha yule binti mpigaji kama fundi anayechukua vipimo. Mpira ulipigwa. Uliingia chini kushoto, wala haukuwa wa kasi. Gundi alikuwa bado amesimama. Hakuruka hata upande usio wenyewe.

Mtu mmoja nyuma yangu akasema huyo Gundi amekauka siku hizi, na mwingine akacheka.

Wetu wakasawazisha, ikawa bao moja kwa moja mpaka mwisho. Mshindi atapatikana kwa mikwaju ya penalti. Kabla mwamuzi hajapuliza, Gundi alikuja mpaka kwa Spoki, anavua glavu. Akamwambia amwingize yule kipa wa pili. Yule wa pili ana miezi mitatu tangu aanze, ni muuza vocha, anafumba macho mpira ukija. Spoki akauliza mara moja tu kama ana uhakika. Akasema ana uhakika, timu isipate hasara kwa ajili yake. Spoki alinitazama, kisha akampungia mkono muuza vocha.

Akaja kukaa chini kando ya kiti changu, bega lake kwenye paja langu, glavu zimepita kwa mwingine.

Wapinzani wakaanza. Binti wa kwanza akaja mbio, na kabla mguu haujafika kwenye mpira bega la Gundi likanisukuma kuelekea kulia. Mpira ukaenda kulia, ukaingia. Nikadhani amebadilisha mkao. Wetu akapiga, akakosa. Akaja wao wa pili, bega likavutwa upande wa pili mpaka nikashika kiti, na mpira ukafuata upande uleule, ukaingia. Wetu wa pili naye akakosa. Wao wa tatu, kulia tena, ukaingia. Wa nne, yule mrefu, alitulia, akapiga hatua fupi, akazuga, kila mtu uwanjani akategeka, hata Spoki. Bega la mjukuu wangu halikutegeka. Lilikuwa limekwisha kwenda kushoto zamani, na mpira ukaja kushoto kana kwamba umeitwa. Muuza vocha alianguka kulia kama gunia. Tukawa tumetolewa.

Upande ule wakaanza kuimba. Nikamshika Gundi kidevu nikamgeuza.

"Umeona ulichofanya?"

"Nimefanya nini?"

"Umeegemea. Kabla ya kila mpira. Yote minne umeipata."

Alijitazama bega kama mtu aliyeambiwa ana vumbi. Kwa kitambo kidogo nilidhani limemfikia. Kisha akaona aibu kwa ajili yangu, niliiona ikimpanda usoni, aibu ya mtoto mwema ambaye bibi yake ameanza kuzeeka mbele za watu.

"Mara nne tu, Bibi," akasema polepole, huku ananisaidia kuinuka. "Mtu yeyote anaweza kubahatisha mara nne."

Akaniacha nimeshika kiti, akaenda kumsaidia muuza vocha kuvua zile glavu, kwa sababu zilikuwa zimembana na hakujua zinafunguliwaje.